Mazishi Niliyoyakatiza

Kuna mama mmoja wa Chemchem ambaye hakuona kaburi la mumewe likifukiwa, na sababu ni mimi. Mtaani wanalisimulia jambo hilo kama kichekesho. Nikipita wananiita, "Mtani, leo unafia wapi?" nami nacheka nao, maana mtani akinuna watu watamshangaa. Lakini nikiwa peke yangu chumbani, vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, nikisikiliza mapigo kama nilivyofundishwa, sioni cha kuchekesha.

Marehemu alikuwa Mgogo, mzee wa reli. Aliletwa Tabora na kazi akiwa kijana, akaenda kwao kuoa, akarudi na mke, akastaafu, akajenga Chemchem, na Dodoma ikabaki kuwa mahali pa kwenda kuzika ndugu. Mimi ni Mnyamwezi wa hapahapa, lakini nyumba ya mzee huyo niliizoea kuliko nyumba za ndugu zangu wa damu. Tangu nimalize kidato cha nne sijawahi kutulia mahali. Nimeuza dagaa Kigoma, nimepasua mbao Mpanda, nimelinda ghala la tumbaku Urambo, na miaka hii ya karibuni nanunua asali kwa warina asali wa Ipole na kuileta mjini. Watu wakiniuliza kwa nini sioi nikatulia, nasema ni damu. Babu wa babu yangu alibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe hadi pwani, akarudi na majora ya nguo kichwani. Hilo nalisema kwa majivuno, kana kwamba mzigo niliubeba mimi. Nina hata tabia ya kushuka kwenye lori kabla halijaingia mjini ili nimalizie safari kwa miguu, nikijidanganya kwamba nakanyaga walipokanyaga wao.

Kila nilipofika kwa mzee, shikamoo yangu ilisubiri kwanza matusi yaishe.

"Mama, fungia kuku!" alikuwa akimpigia kelele mkewe. "Mpagazi kafika, na safari hii hana hata mzigo."

"Nyie fungieni maji," namjibu. "Mgogo atakuuzia hata mate yake."

"Babu yako alilipa. Wewe nani usilipe?"

Mchezo wetu ulikuwa huo. Zamani misafara ya Wanyamwezi ikipita Ugogo, nchi kavu, watemi wa kule walitoza hongo, yaani ushuru wa kupita na kuteka maji. Ugomvi huo wa wazee waliokwisha kuoza ndio utani wetu, na sisi tuliulia ugali na mlenda mezani kwake, yeye akishika kikombe cha maji juu juu na kuniambia nipige magoti kwanza. Mkewe naye alikuwa mtani wangu vilevile. Aliniita mpagazi tu. Jina langu sidhani kama aliwahi kulitamka.

Nilikuwa Ipole niliposikia kwamba mzee amefariki. Simu ilikuwa fupi: amekufa alfajiri, kwenye kiti, wanazika kesho kutwa. Nilikaa chini kwenye magogo na moyo ukaanza ule mchezo wake. Miezi kadhaa ulikuwa ukiruka. Unakwenda vizuri, halafu unaruka pigo moja, halafu unapiga mengine matatu kwa haraka kama mtu aliyechelewa anakimbilia gari. Sikumwambia mtu. Mrina asali mmoja alipoona nimejishika kifua aliniuliza, nikamwambia ni uchovu. Kwetu mwanamume mwenye miaka arobaini na kitu anaumwa malaria, anaumwa mgongo. Moyo wanaumwa matajiri na wazee.

Siku ya mazishi nilipanda lori la mbao tangu asubuhi, na kama kawaida yangu nikashuka Kipalapala. Nilijiambia kwamba mtani wangu anastahili niende kumzika kwa miguu. Sikuwa nimefika mbali nilipohisi uzito kifuani, kama mtu kaniwekea gunia la chumvi na kulikalia. Nilisimama kando ya shamba. Mama aliyekuwa akipalilia mahindi aliinua uso.

"Baba, unaumwa?"

"Kiungulia tu, mama. Nimekula mihogo ya jana."

"Kaa kivulini basi."

Nilikaa, uzito ukapungua, nikaondoka. Sikujua kwamba neno lile, kiungulia, ndilo alilolisema marehemu usiku wake wa mwisho.

Nililijua nilipofika msibani. Wanawake jikoni walikuwa wakisimulia kama wanavyosimulia siku zote, kila mgeni anayeingia anasimuliwa upya. Mzee alikula mihogo, akala vizuri. Baadaye akaanza kusugua kifua, akasema kiungulia, akaomba magadi kwenye maji. Mkewe akampa. Akacheua mara nyingi, akasema afadhali. Kisha akalalamika mkono wa kushoto umekufa ganzi kama ameulalia, mkewe akaukanda kwa mafuta. Akakataa kwenda hospitali, alisema hataki kuwasumbua madaktari kwa mihogo. Na alfajiri mke alipoamka, mzee alikuwa kwenye kiti, amepoa.

Sasa, mtu mwenye watani hazikwi kimya. Mtani ana kazi yake. Anazuia jeneza, anadai deni la babu zake, anaigiza marehemu alivyotembea, alivyokohoa, hata alivyokufa, na wafiwa wanacheka huku machozi yanatoka, na kicheko hicho kinawasaidia kuvuka. Nimewaona watani wakilala ndani ya kaburi na kukataa kutoka. Hakuna anayekasirika. Akikasirika, yeye ndiye mwenye kosa.

"Mtani wetu ulikuwa wapi?" kijana mkubwa wa marehemu alinikumbatia mlangoni. Ni mtu mzima, ana watoto wake. "Tumeogopa mzee atazikwa kama mbwa, hakuna wa kumtukana."

"Nimekuja," nikamwambia. "Leo atanijua."

Makaburini nilianza vizuri. Walipokaribia na jeneza nililala njiani kuwakinga. "Hapiti mtu! Babu zangu walilipa kwa kila kisima kuanzia Manyoni hadi Mpwapwa! Leo mmo kwenye nchi yetu, lipeni hongo ya maji!" Watu wakacheka. Wakanibembeleza. Mchungaji alisimama kando na kitabu chake, akitabasamu kama mtu anayejua hana mamlaka. Mwishowe wakaniletea kikombe cha maji, nikayanusa, nikayamwaga nikasema yana chumvi ya Ugogo, wakaleta kingine. Jeneza likapita. Likateremshwa. Mchungaji akasoma, akasema udongo kwa udongo, mjane akainama akachota wa kwake.

Hapo ningenyamaza. Sehemu yangu ilikuwa imekwisha. Lakini vijana waliosimama nyuma waliniambia, "Mtani, bado hujatuonyesha alivyokufa," na mimi nikatoka mbele.

Nilijishika kifua. "Mama weee, kiungulia!" Nikacheua kwa sauti. "Lete magadi! Si hayo, hayo ya kupikia maharage!" Kicheko kikalipuka. Nikanyoosha mkono wa kushoto, nikauninginiza kama wa mwanasesere. "Mkono huu wa nani? Nani kaacha mkono wake hapa?" Walicheka mpaka wengine wakashikana mabega.

Na maumivu yakaja. Hayakuja kidogo kidogo kama kule Kipalapala. Yalinikamata katikati ya kifua na kupanda mpaka kwenye taya, na mkono niliokuwa nikiuchezea ukawa mzito kwelikweli. Nilipiga magoti. Kicheko kikazidi.

Nimejaribu kusimulia sehemu hii mara nyingi bila kusema ninalotaka kusema sasa. Kulikuwa na kipindi, kifupi, ambacho ningeweza kuinua mkono nikasema, jamani, basi, naumwa. Sauti ilikuwepo. Sikusema, kwa sababu walikuwa wanacheka vizuri. Mtu kama mimi, anayepita, ambaye akiingia baa ya mji wake wanamwuliza katokea wapi, siku ile nilikuwa na mtaa mzima mkononi. Maumivu yalifanya uigizaji uwe mtamu zaidi na mimi nikayatumia. Nilicheua tena, kwa kusudi, na maumivu yakiwa yangu.

Nilipotaka kusema, pumzi haikutosha. Nikasema, "Kweli, jamani. Kweli."

"Kweliii!" vijana wakaitikia kama kwaya.

Nikaanguka kwa ubavu, nusu hatua kutoka ukingo wa kaburi. Mtu akasema, "Mwangalieni, anataka kulala na mwenzake." Nakumbuka viatu. Nakumbuka viatu vingi vyenye vumbi na katikati yake miguu ya mwanamke katika kandambili nyeusi ikija kwa haraka.

"Huyu haigizi," mjane alisema.

"Mama, ni mtani huyo," kijana wake alimwambia. "Rudi, mchungaji anakungoja."

"Mguse uso."

"Mama..."

"Nimesema mguse uso wake!"

Hakungoja. Alipiga magoti akaniwekea kiganja shingoni, halafu kifuani, kile kiganja chenye udongo aliokuwa hajautupa. Nilikuwa nimelowa jasho, jasho baridi. "Baba yenu alikuwa hivihivi," akasema, na sauti yake haikupanda. "Alikuwa baridi hivihivi na mimi nikampaka mafuta. Nani ana ufunguo wa pikapu?"

Pikapu ilikuwa ileile iliyoleta jeneza. Walinipakia huku baadhi yao bado wanatabasamu, hawajajua wafanye nini na nyuso zao. Mmoja alisema, kwa hofu zaidi kuliko utani, "Mtani kaona gari la marehemu akalitamani." Mjane akapanda nyuma pamoja nami. Kijana wake akamshika mkono, akamwambia kwa Kigogo kitu ambacho sikukielewa, na yeye akamjibu kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie:

"Huyo aliye chini hana haraka. Nyie mfukieni."

Njia nzima kichwa changu kilikuwa mapajani mwake. Maua ya karatasi yalikuwa yakipepea sakafuni. Nilitaka kumwambia anirudishe, aende akamzike mumewe. Nilisema, "Mama, samahani."

"Nyamaza, mpagazi. Leo umebebwa wewe."

Pale hospitali ya mkoa daktari alikuwa binti mdogo tu. Alipoambiwa nimetokea mazishini nilikokuwa nikiigiza, alimtazama mjane, akanitazama mimi, hakucheka. Wakakata shati langu kwa mkasi. Wakanibandika waya kifuani, mashine ikatoa karatasi ya mistari, daktari akaiangalia kwa muda mfupi sana.

"Mshipa mmoja unaolisha moyo wako umeziba," akasema. "Damu imeganda ndani yake. Tafuna hizi, usimeze. Tafuna."

Zilikuwa tembe nyeupe za aspirini. Nilizitafuna, chungu na unga unga. Kisha nyingine, kisha sindano kwenye mshipa wa mkono. Alinieleza kwamba dawa ile inayeyusha damu iliyoganda ili njia ifunguke, na kwamba wana bahati wanayo. Alisema "tuna bahati" kama vile moyo uliokuwa ukifa ni wake. Mjane alikuwa amesimama kwenye kona, gauni lake jeusi limechafuka magotini. Muuguzi alimwambia akanawe mikono. Alikataa kwanza. Kisha akaenda bombani, na mimi nikausikia ule mlio wa maji na nikajua ni udongo gani unaokwenda nayo.

Nililia. Wakadhani ni maumivu, wakaniongezea dawa.

Yaliyofuata nilisimuliwa. Maumivu yalianza kupungua, nikasema afadhali, neno lilelile la marehemu, na hapo nikazimika. Daktari alinieleza baadaye kwamba damu ikianza kurudi kwenye misuli iliyokosa hewa, umeme wa moyo unaweza kuvurugika. Moyo haupigi tena, unatetemeka tu kama mfuko wenye panya ndani, na mtu hana mapigo. Walinikandamiza kifua. Wakaleta mashine ya kushtua moyo, wakasema kila mtu asogee, wakanipiga shoti. Mara ya kwanza haikukubali. Mara ya pili moyo ukashika mwendo.

Mjane aliyaona yote hayo. Pazia halikufungwa vizuri. Aliona mwili wangu ukiruka kitandani. Niliporudiwa na fahamu nilikuwa nimejikojolea, na aliyekuwa amenifunika khanga ni yeye. Khanga ya msiba wake.

Walinihamishia Dodoma, kwenye hospitali yenye chumba cha kuzibua mishipa, maana sindano ilifungua njia lakini si yote. Njia yetu ilikuwa Tura, Itigi, Manyoni. Ile njia ya wapagazi. Miaka yote nilitamani niifuate hadi mwisho, na nikaifuata chali, nimefungwa mikanda, nikitazama dari ya gari la wagonjwa na chupa ya maji ikining'inia. Muuguzi aliyenisindikiza aliniuliza kama nataka ainue kichwa cha kitanda nione nje. Nikasema hapana.

Na kule Dodoma, kama kwamba mzee mwenyewe alipanga, muuguzi aliyenipokea alikuwa Mgogo. Alisoma karatasi, akaona nimetoka wapi, uso wote ukachangamka, akaniamkia kwa Kigogo.

"Mbukwa, mtani! Mnyamwezi amefika Ugogo bila mzigo? Leo hongo utatoa nini?"

Maisha yangu yote nilikuwa na jibu la swali hilo. Nilifumba macho. Nilisikia akimwambia mwenzake taratibu, "Huyu kaumwa kweli, hana hata utani." Kesho yake alijaribu tena, akanitania kuhusu miguu yangu. Nikasema asante, dada. Akaniacha.

Kwenye chumba cha kuzibua mishipa nilikuwa macho wakati wote. Walinichoma ganzi kwenye kifundo cha mkono, wakapitisha kiwaya chembamba ndani ya mshipa mpaka kwenye moyo, wakarusha dawa inayoonekana kwenye kioo. Niliuona moyo wangu, au kivuli chake. Mishipa ilikuwa kama vijito vinavyoonekana ukiwa juu ya kilima, na kimoja kilikuwa chembamba mahali fulani kama kimebanwa na kidole. Daktari akapuliza kijipira mle ndani, akaacha kijineli cha wavu wa chuma ili mshipa usijifunge tena, akarusha dawa upya, na kile kijito kikajaa mpaka mwisho wake. Ni kitu kizuri sana kukiona. Nilifikiri, mzee angekiona angesema Mnyamwezi kafunguliwa maji bure.

"Damu inapita," daktari akasema. "Ila kuna sehemu ya msuli imekufa, hiyo hatuwezi kuirudisha. Maumivu yalianza lini?"

"Asubuhi."

"Na ulifika hospitali jioni. Kwa nini ulichelewa?"

"Nilikuwa safarini," nikamwambia.

Aliandika. Nilimwona anaandika, safarini, na sikumsahihisha. Mtu ameshika moyo wangu kwa waya na mimi namdanganya.

Nilirudi Tabora na mfuko wa dawa: ya kuzuia damu isigande, ya kutuliza mapigo, ya kupunguza mafuta kwenye damu, na masharti. Nisibebe mizigo mizito. Nitembee, lakini kidogo kidogo. Nisikae mbali na hospitali. Moyo ukianza kukimbia bila sababu nije mara moja. Dada yangu alinipa chumba. Shati nalo nilirudishiwa kwenye mfuko wa plastiki, limekatwa katikati, na upande wa kushoto lina alama ya kiganja cha udongo mwekundu, vidole vinahesabika. Sijalifua. Sijalitupa pia.

Nilitakiwa kwenda kumwona. Sikuenda. Nilimtuma dada na asali. Nilipita njia ya mbali nikienda kliniki ili nisipite mtaa ule. Nilikuwa nikijiambia nitasema nini. Samahani kwa kuigiza kifo cha mumeo? Asante kwa kumwacha? Mama yule alikuwa na udongo mkononi, amebakiza kuuachia tu, na mimi nikauhamishia kifuani kwangu. Na nimepona. Hilo ndilo lililonifanya nitembee pembeni ya kuta: kwamba nimepona ugonjwa uleule uliomuua mumewe.

Arobaini ilipofika dada aliniambia nisipokwenda yeye mwenyewe atanipeleka kwa fimbo. Mtani aliyeanza msiba ndiye anayeumaliza. Nikaenda. Nilikaa nyuma kabisa, karibu na masufuria. Vijana waliponiona walipiga makofi. "Kafufuka! Kafufuka!" Mmoja akaanguka chini, akajishika kifua, akasema, "Kweli, jamani, kweli," kwa sauti yangu hasa, na ua zima likacheka. Ndiyo haki yao. Nikacheka.

Mjane alitoka ndani akiwa na ndoo ndogo ya maji, ya lita tano hivi. Akaja moja kwa moja mpaka kwangu, akaiweka miguuni pangu.

"Beba," akasema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Beba, tunakwenda makaburini."

"Mama, huyu mgonjwa," kijana wake akasema.

"Si mpagazi? Itamshinda ndoo ya mtoto?"

Akakataza mtu mwingine asitufuate. Tulitoka wawili, yeye mbele. Kwenye kona ya kwanza nilisimama kupumzika, yeye naye akasimama bila kugeuka. Tukaenda hivyo, tukisimama na kuondoka. Kwenye kibanda cha duka la dawa akageuka.

"Niliviona vile vidonge ulivyotafuna," akasema. "Hospitali, vya kwanza."

Nikahamishia ndoo mkono wa pili.

"Ninavyo. Viko kwenye kopo la majani ya chai, juu ya kabati. Huwa nameza kichwa kikiuma. Vilikuwa pale usiku ule, na mimi nikampa magadi."

"Mama, kidonge peke yake kisingetosha. Mimi nilipata sindano, nikapata mashine, nikapelekwa Dodoma..."

"Najua. Nilikuwepo." Akaanza kutembea tena. "Sijakuita unipoze. Nataka kukuuliza kitu, na usinifanyie utani."

"Sifanyi."

"Aliumia?"

Nikaweka ndoo chini. Hilo ndilo alilokuwa akiningojea siku zote hizo, wakati mimi nikipita njia za mbali. Hakuwa akingoja samahani yangu. Katika watu wote aliowajua, mimi tu ndiye niliyekwenda alikokwenda mumewe na kurudi, na nilikuwa nimejificha kwa dada.

Ningeweza kusema hakuumia. Nilifungua kinywa niseme hivyo.

"Aliumia," nikamwambia. "Inauma, na inatisha. Kisha inafika mahali maumivu yanakwenda mbali, unaona ni afadhali. Hapo sikumbuki kitu tena, mpaka nilipokuta khanga yako."

"Alisema afadhali."

"Na mimi nilisema."

"Na nilipokuwa namkanda ule mkono?"

"Mkono wako nilikuwa nausikia kwenye pikapu. Nilikuwa sisikii gari, sisikii watu. Mkono niliusikia mpaka mwisho."

Alinitazama kwa muda mrefu, akitafuta kama nimemdanganya. Sikuwa nimemdanganya. Kisha akafuta pua kwa ncha ya khanga, akasema, "Haya, inua mzigo."

Kaburi lilikuwa limeshaanza kutitia. Alichuchumaa, akachota udongo kutoka pembeni, akaumwaga juu taratibu, konzi ya kwanza, kisha nyingine, kisha akawa anachota tu kwa mikono yote miwili kama mtu anayefukia mbegu. Mimi nilisimama na ndoo. Nilitamani kusaidia na nilijua siruhusiwi. Alipochoka alikaa chini, miguu ameinyoosha.

"Uliangukia wapi?"

Nikamwonyesha. Palikuwa karibu sana na kaburi, karibu kuliko nilivyokumbuka.

Akainuka, akanipokonya ndoo, akaenda pale na kuyamwaga maji yote, mpaka tone la mwisho, udongo ukayanywa kwa sauti.

"Ulidai hongo siku ile," akasema. "Mbele ya watu. Haya, tumelipa. Usije ukasema Wagogo ni wabaya."

Nilitakiwa kujibu. Jibu nilikuwa nalo, la chumvi ya Ugogo, lilikuwa limefika kwenye ulimi. Yeye alikuwa ameshika kiuno, macho mekundu, mdomo umeshaanza kuchezacheza, ananingoja. Lakini lile doa lililolowa chini lilikuwa na urefu wa mtu, na mimi nilishindwa.

"Bado mgonjwa," akasema, akanipa ndoo tupu. "Twende. Utajibu ukipona."

Akatangulia. Kwenye duka la dawa alisimama, akanisubiri.